Kufika Ukumbini Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sanaa na Watu Wenye Ulemavu

Maswali haya tumeyakusanya sisi tunaoandaa mikesha ya ushairi, ngoma na maonyesho ya sanaa mjini Lamu. Mengine tuliulizwa gatini, mengine kwa simu usiku, na machache kwa hasira. Tumeanza na ya kila siku, tukaishia na yale yanayotuumiza vichwa. Jibu likikupeleka kwenye swali lingine, fuata. Hatukutaka kurudia maneno.

## Mambo ya mwanzo

Mnaposema watu wenye ulemavu, mnamkusudia nani hasa?

Anayetumia kiti cha magurudumu ndiye anayekuja akilini kwanza, lakini hayuko peke yake. Yuko asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, mtoto mwenye usonji, mama aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, na mzee wa miaka 80 ambaye magoti yamekataa ngazi. Huyo wa mwisho hatajiita mwenye ulemavu hata umlipe. Ngazi zinamzuia vilevile.

Si watu wachache tu?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu Kenya nzima, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Sisi tunaiona hesabu hiyo kuwa ndogo, kwa kuwa karani huuliza mlangoni na zipo nyumba zinazoficha. Ama ile kauli ya "kwetu hatujawahi kumwona hata mmoja", asiyeweza kuingia utamwonea wapi?

Tuseme "mlemavu", "kipofu", "kiziwi", au vipi?

"Mtu mwenye ulemavu" halimkeri mtu. "Asiyeona" ni neno la heshima. Viziwi wengi tunaofanya nao kazi hujiita viziwi, na humcheka anayezungukazunguka na "mwenye changamoto ya usikivu". "Bubu" hawalitaki kabisa, maana lugha wanayo, ni ya ishara. "Zeruzeru" na "taahira" yaacheni, hata kwa mzaha wa barazani. Ukiwa na shaka, muulize jina lake, umwite hilo.

Hili ni jambo la sheria au ni hisani yetu?

Ni haki. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pa watu wote, kutumia usafiri wa umma, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara na breli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imeshaondoka; mahali pake kuna ya 2025. Tena mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 30 inataja wazi kumbi za maonyesho, makumbusho, maktaba na maeneo ya urithi. Ibara hiyohiyo inataja pia haki ya mtu kukuza kipaji chake mwenyewe, sehemu ambayo waandaaji huiruka (tazama maswali ya msanii).

Tunayataja haya kwa sababu wako wanaofunga mazungumzo kwa "tutawafikiria mwakani tukipata mfadhili".

## Kufika

Natumia kiti cha magurudumu. Nitavukaje hadi kisiwani Lamu kutoka Mokowe, upande wa bara, au uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda?

Kwa boti, na mwenye kauli ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Yakijaa, ukingo wa boti unakaribia usawa wa gati na ubao mmoja imara unatosha. Yakitoka, boti iko chini kabisa, na kati yako nayo kuna ngazi zenye mwani unaoteleza. Huku kwetu maji ya bamvua hutoka katikati ya asubuhi, saa nne saa tano hivi, saa ileile waandaaji wanayoipenda kwa kufungulia shughuli. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha ratiba, muulizeni nahodha kwanza, halafu mgeni rasmi.

Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo ni mepesi. Kwa vyovyote, mwambie nahodha mapema kiti chako ni cha aina gani. Cha kusukuma kwa mkono hukunjwa kikakaa ubavuni. Cha betri hakikunjiki, ni kizito, na kinataka boti pana yenye sakafu bapa.

Vichochoro vya mjini vinapitika?

Baadhi. Njia ya pwani, mbele ya maji, ndiyo pana na tambarare kuliko zote. Usita wa Mui, ile barabara ndefu ya ndani, hupitika ukiepuka saa za punda na mikokoteni. Ukipanda ndani zaidi, kuna vichochoro ambavyo punda mwenye shehena akija, wewe unajibanza mlangoni mwa watu mpaka apite.

Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hadi 70. Tulipotaka kujua njia zipi zinafaa, tulikata ufito wa sentimita 80, tukatembea nao umelazwa mbele yetu. Ulipokwama, tulitia alama kwenye ramani. Palipokuwa na mfereji wazi au kipandio, tulitia alama nyingine. Kazi ilichukua alasiri mbili badala ya moja, kwa sababu kila baraza tuliyoipita tuliulizwa tunapima nini, tukaketishwa, tukapewa kahawa. Ila tulirudi na majina ya njia tusizozijua.

Lamu watu wana umoja. Si vijana watambeba tu?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, tena kwa nia safi. Jibu letu ni hapana, isipokuwa mwenyewe ameomba.

Mwaka mmoja tulimwalika malenga anayetembea kwa magongo. Jukwaa lilikuwa na ngazi nne; hakuna kati yetu aliyezifikiria. Jina lake lilipotajwa, vijana wanne walimrukia wakamwinua. Kanzu ikapanda hadi magotini mbele ya hadhira, gongo moja likabaki chini. Watu wakapiga makofi. Yeye alisimama kwenye maikrofoni, akaiweka kofia yake sawa, akasoma beti 6 kati ya 18 alizokuja nazo, akaomba kushushwa. Baadaye tulimwuliza kulikoni. Alisema zile nyingine zilibaki chini na gongo.

Tangu siku hiyo hatuna jukwaa la kupandwa. Tunatandika mkeka na busati chini, hadhira inakaa nusu duara, na walio nyuma wanawekewa viti virefu.

Kubeba kuna mengine pia. Mtu huangushwa, bega huteguka, kiti cha bei ghali hupinda. Mwanamke hushikwashikwa na wanaume asiowajua. Na aliyebebwa kuingia hawezi kutoka anapotaka. Itabidi angoje wabebaji wamalize pilau. Mwenyewe akiomba, basi yeye ndiye atakayesema nani amshike na amshike wapi, na kiti chake kiende naye.

Je, punda?

Kwa anayekaa bila kushikiliwa na aliyezoea, sawa. Mkokoteni wa mizigo usimpendekezee mtu.

## Majumba ya kale

Mji huu ni Urithi wa Dunia. Si marufuku kuweka rampu?

UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu kwenye orodha hiyo mwaka 2001, na jengo la kale halibomolewi wala kubadilishwa bila idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lakini rampu ya mbao isiyopigiliwa ukutani haijabadilisha kitu. Inawekwa saa kumi alasiri, inaondolewa usiku, na jiwe linabaki lilivyokuwa. Ukitaka ya kudumu, nenda ofisi ya uhifadhi na mchoro mkononi kabla hujaita fundi.

Tatizo gumu zaidi liko ndani. Nyumba ya Kiamu, yaani ya Lamu, imejengwa kwa kupanda. Unaanzia dakani (baraza ya mlangoni), unapita tekani (kiingilio), unatokea kiwandani (ua wa ndani), kisha msana wa tini na msana wa yuu (kumbi za chini na juu), hadi chumba cha ndani. Na kadiri unavyoingia ndivyo sakafu inavyoinuka. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa hiyo ukiweka rampu mlangoni ukadhani umemaliza, mgeni wako ataishia kiwandani. Basi shughuli nayo iwe kiwandani. Hewa ipo, mwanga upo, sakafu ni moja, na waliotujengea nyumba hizi walikijua kiwanda kuwa mahali pa watu.

Rampu iwe na urefu gani?

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Fundi atakuapia kwamba mita moja inatosha. Mkalishe kwenye kiti, umwambie ajisukume mwenyewe apande, mtaelewana bila ugomvi. Upana usipungue sentimita 90, pembeni pawe na ukingo mdogo ili gurudumu lisitoke, na mbao zisipigwe randa hadi zikalainika, kwa sababu manyunyu kidogo tu zitateleza.

Maonyesho yako ghorofani na hakuna lifti. Tufanyeje?

Kazi kubwa ziteremsheni. Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa mnamo 1813 na kutumika kama gereza hadi 1984, ina ua mpana chini na vyumba vya juu vya kupandia ngazi. Anayeandaa shughuli pale aanze kuhesabu kutoka uani. Picha zikibaki juu kwa lazima, onyesho la video chini ni bora kuliko bure. Lakini usimwachie mtu simu aangalie peke yake huku wenzake wanacheka ghorofani, kisha ukasema umemhudumia.

Na choo?

Huulizwa mwisho wa simu, kwa sauti ya chini. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 na ufunguke kwa nje. Choo cha kuchuchumaa huwashinda wengi. Kiti chenye tundu huwekwa juu yake, na kipande cha bomba imara kikikazwa ukutani kinakuwa cha kujishikilia (jengo likiwa la kale, rudi kwenye swali la rampu na Urithi wa Dunia). Kama choo kinachofaa hakipo, semeni kwenye tangazo. Wako wasiotia maji mdomoni tangu asubuhi kwa kuhofia safari hiyo, na joto la Lamu mnalijua.

## Kuona, kusikia, kugusa

Asiyeona atafaidi nini kwenye maonyesho?

Mengi, akiachiwa mikono. Siwa ya Pate, baragumu kubwa la pembe za ndovu na fahari ya Makumbusho ya Lamu, haiguswi na haifai kuguswa. Lakini mji huu una milango ya nakshi, vikapu, kofia za kushonwa na vyombo vya ngoma ambavyo havidhuriki kwa kidole kisafi.

Tulimpeleka bibi mmoja asiyeona kwenye karakana ya mchonga milango. Alianza ukingoni, akaufuata mnyororo uliochongwa pembeni kwenda juu, akafika kwenye waridi la katikati. Hapo akasimama. Alilizunguka mara mbili, kisha akamwambia fundi kwamba jani moja la ua lina kina kidogo kuliko mengine. Fundi akainama, akaangalia, akachukua patasi.

Bao halikuhitaji kubadilishwa chochote. Mashimo 32 na kete 64 vyote vinahesabika kwa vidole, na nyumba ni ya mraba, kwa hiyo mkono hauipotei. Anachohitaji mchezaji ni mpinzani anayetaja shimo alilochezea.

Ukimwongoza mtu, usimshike mkono ukamvuta. Mpe kiwiko chako akushike yeye. Na usiseme "pale" au "hivi". Sema "kushoto kwako, hatua tatu".

Tunahitaji mkalimani wa lugha ya ishara kwa mkesha wa ushairi. Mmoja anatosha?

Kwa nusu saa, ndiyo. Zaidi ya saa moja waletwe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 au 30, maana akili huchoka kabla ya mikono. Mpeni mashairi siku kadhaa kabla. Hata sisi wenyewe kuna mafumbo ya Kiamu, lahaja ya hapa, yanayotushinda; mkalimani kutoka bara utamtupia "ndia" (njia) na "mui" (mji) papo hapo afanye nini?

Asimame kando ya msomaji, viziwi wakae mbele upande huo, na taa imulike uso na mikono yake mpaka mwisho. Tuliwahi kuzima taa zote ili utenzi usomwe kwa kandili. Palipendeza sana, na safu nzima ya mbele haikupata neno.

Kiziwi atafuata nini kwenye ngoma?

Mtetemo na macho. Mweke karibu na ngoma kubwa, avue viatu akanyage mbao, au mpe nafasi aweke kiganja ubavuni mwa ngoma wakati wa mazoezi. Mashavu ya mpiga zumari yanamweleza mengi.

Mtoto wangu ana usonji na zumari humtia hofu. Nimwache nyumbani?

Usimwache. Njoo naye mazoezini, alasiri, watu wachache, na mpigaji anaweza kuombwa aanze polepole. Usiku wenyewe kaa karibu na njia ya kutokea. Tunatenga chumba kimoja chenye mkeka, mwanga hafifu na hakuna spika. Mtoto anaingia na kutoka bila kuulizwa. Akipiga kelele, apige. Mikesha yetu haijawahi kuwa kimya hata siku moja.

Kwa mwenye ualbino?

Kivuli, na nafasi ya mbele kwa asiyeona mbali. Shughuli za mchana zianze alasiri au ziwe chini ya turubai. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa mafuta ya kujikinga na jua kwa waliosajiliwa. Mwandaaji naye akiweka chupa moja mezani hatafilisika.

Tangazo letu limesambazwa WhatsApp. Kuna kosa gani?

Kama ni picha pekee, simu ya asiyeona itamsomea "picha" na kunyamaza. Andika maneno yote chini ya picha: siku, saa, mahali, bei. Ongeza ujumbe wa sauti wa dakika moja. Taja idadi ya ngazi, choo kilivyo, kama mkalimani yupo, na namba ya kuuliza. Hata habari mbaya ni habari. Afadhali mtu ajue akiwa kwake kwamba kuna ngazi tano kuliko kuzikuta baada ya kulipa boti.

## Msanii mwenye ulemavu

Tunataka kumwalika. Tumlipe kama wengine?

Swali hili hutushangaza, lakini huja. Ndiyo, kama wengine. Gharama ya mkalimani au msindikizaji wake iwe juu ya mwandaaji. Isikatwe kwenye bahasha yake. Na mtambulisheni kwa kazi yake. "Mshairi, bingwa wa majibizano" ni utambulisho. "Licha ya hali yake" si utambulisho.

Anayetumia kiti anaweza kuingia kwenye goma?

Goma la Lamu ni safu za wanaume wenye kanzu na bakora wanaoyumba taratibu kwa pamoja. Uzuri wake uko kwenye mabega na fimbo. Safu ikiacha nafasi ya kiti, na ardhi ikiwa ngumu badala ya mchanga, hakuna cha kuzuia. Kirumbizi ni habari nyingine, hapo panapigwa fimbo. Mwachieni mwenyewe na mpinzani wake wakubaliane.

## Mambo ya pembeni

Msindikizaji alipe tiketi? Na tuulize kadi ya ulemavu mlangoni?

Msindikizaji asilipe, bila yeye mgeni hafiki. Kadi ya usajili ina kazi zake, pamoja na misamaha ya kodi, lakini msiigeuze kuwa pasi ya mlangoni. Wengi hawajasajiliwa, na ulemavu mwingine hauonekani kwa macho. Atatokea mjanja mmoja atakayeingia bure. Tumelihesabu hilo.

Siku za Maulidi mji hufurika. Tufanyeje?

Mfungo Sita unapofika, njia ya pwani hujaa zefe (maandamano ya Maulidi), matwari (matari) na wageni, na hapo hata ufito wetu wa sentimita 80 haupiti. Kinachosaidia ni kuwahi. Chagueni baraza iliyo kwenye njia ya zefe, mwombeni mwenye nyumba, mkae kabla ya alasiri. Mambo ya ndani ya msikiti ni ya wenye msikiti. Waulizeni wao, mapema, nao huwa wepesi kuliko watu wanavyodhani.

Sisi tuko Malindi. Haya yanatuhusu?

Kuhusu rampu, choo, mkalimani na matangazo, yote. Usafiri wenu ni mwepesi: tukutuku inafika mlangoni, ingawa kiti kisichokunjika hakiingii ndani yake. Gede, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ina njia za udongo zilizopita katikati ya miti na mizizi. Nendeni wakati wa kiangazi, asubuhi, na kiti chenye magurudumu mapana. Asiyeona atapapenda: kuta za matumbawe ziko usawa wa mkono, na ndege wa msitu hawanyamazi.

Umeme ukikatika katikati ya onyesho?

Hukatika. Asiyeona ataendelea kusikiliza. Kiziwi ndiye atakayebaki gizani. Kwa hiyo taa ya kwanza ya akiba imulike mkalimani, na ya pili imulike njia ya kutokea. Spika zingoje.

Nimemwuliza kama anataka msaada, akakataa kwa ukali. Nilikosea?

Hukukosea. Kakataa, mwache apite, na kesho muulize tena kama vile hukuuliza jana.

Tuwajulishe mahitaji yetu lini?

Siku tatu kabla zinatutosha kwa rampu na boti. Kwa mkalimani, wiki mbili. Ukichelewa, piga simu vivyo hivyo, ila tuambie kwanza unavuka saa ngapi ili tutazame maji.